Krediti 13 kwa wiki sita: kisa cha binti wa Kirumba aliyeanza chuo Marekani mwezi wa sita

Fomu ilikuwa imeshajazwa. Masomo manne, krediti 13, wiki sita. Kilichobaki ni binti kuthibitisha tu, na baba yake mdogo alikuwa akipiga simu kutoka Dodoma kuuliza anasubiri nini.

Nakieleza kisa hiki kwa urefu kwa sababu nafundisha sekondari hapa Mwanza, na kila mwaka naona vijana wa kanda yetu waliopata nafasi ya kusoma nje wakikwama mahali hapa hapa. Hawakwami kwa uvivu wala kwa uzito wa kichwa. Wanakwama kwa sababu wanajaza fomu ya masomo wakiwafikiria waliowachangia nauli. Wahusika wameniruhusu kuandika. Majina yao nimeyaacha, na la chuo pia.

Hali ilivyokuwa

Binti alimaliza kidato cha sita Mei 2022, tahasusi ya EGM. Matokeo ya Julai yalimpa A ya Hisabati, B ya Uchumi na C ya Jiografia. Alipotoka JKT alirudi Kirumba, akawa anashinda Mwaloni, soko la samaki, akimsaidia mama yake biashara ya dagaa, na jioni anajaza maombi ya vyuo. Mwezi wa tatu 2023 chuo kimoja cha jimbo, mashariki ya Marekani, kikamkubali na kumpa ufadhili wa sehemu ya ada.

Barua ilikuwa na masharti mawili. La kwanza, GPA yake, yaani wastani wa alama ambao kilele chake ni 4.0, isishuke chini ya 3.0, la sivyo ufadhili unakatwa. La pili, aanze muhula wa kiangazi, yaani wiki sita kuanzia Jumatatu Juni 26 hadi Ijumaa Agosti 4, badala ya kusubiri muhula mkubwa unaofunguliwa mwishoni mwa Agosti. Vyuo kadhaa vya Marekani huwaanzisha hivyo baadhi ya wanafunzi, ili wazoee mazingira kabla umati haujafika.

Kwetu jambo hilo halipo. Vyuo vyetu hufungua Oktoba au Novemba, na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza haulizwi anataka kubeba masomo mangapi. Ratiba ya programu imeshapangwa, darasa zima mnabeba moduli zilezile, labda moja au mbili ndizo za hiari. Kwa hiyo nyumbani kwao hapakuwa na mtu aliyewahi kukalia swali hilo. Aliyekuwa karibu nalo ni kaka yake, mwaka wa pili chuo kikuu cha SAUT pale Malimbe, na ndiye aliyelipotosha kwanza, kwa nia njema kabisa.

Kaka na krediti zake kumi

Aliiangalia fomu ya mdogo wake kwenye simu, akasema, "Krediti tatu tatu? Mdogo wangu, mimi moduli moja ina kumi. Hizi zako zote nne hazifiki mbili za kwangu. Ongeza hata la tano."

Ukilisikia haraka unamkubalia. Na kama kuna sehemu moja ya kisa hiki ningependa kila mzazi aielewe, ni hii, maana krediti ya Tanzania na krediti ya Marekani ni vipimo viwili tofauti.

Kwa mfumo wa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu ya Tanzania, krediti moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi, ukijumlisha darasani, kujisomea, asaimenti na mitihani. Mwaka mmoja wa shahada ni krediti 120, na shahada ya miaka mitatu ni 360. Moduli ya kaka yenye krediti 10 ni saa 100 za kazi. Muhula wake mzima, krediti 60, ni saa 600.

Marekani krediti moja huhesabiwa kwa saa moja ya darasani na angalau saa mbili za kazi nje ya darasa, kila wiki, kwa wiki zipatazo 15. Hizo ni saa 45. (Saa ya darasani huko kwa kawaida ni dakika 50, lakini kwa mtu anayesoma kwa lugha isiyo yake dakika hizo kumi hazimpunguzii kitu.) Somo la krediti 3, basi, ni saa 135. Moduli ya kaka, iliyoonekana kubwa mara tatu, ni ndogo kuliko somo moja la mdogo wake.

Sasa chukua fomu yote. Uandishi krediti 3, Kanuni za Uchumi 3, Utangulizi wa Kompyuta 3, Kalkulasi 4. Jumla 13. Zidisha kwa 45, unapata saa 585. Muhula mzima wa kaka ni saa 600, na yeye ana wiki kama 15 za kuzimaliza, ambazo ni saa 40 kwa wiki. Binti alikuwa anataka kuzimaliza saa karibu zilezile kwa wiki sita.

Kaka alikaa kimya kidogo, kisha akasema, "Mwalimu, hiyo ni kudisko," yaani kuondolewa chuo kwa kufeli. Nilimjibu kwamba kwa hesabu hizo hata hajaanza kuugua malaria wala kukosa usingizi.

Karatasi ya grafu

Nilimwomba binti alete daftari lake la Hisabati la kidato cha sita, lile lenye karatasi za grafu. Tukachora safu saba za siku, kila safu vyumba 24. Vyumba 168, wiki nzima. Nilitaka aione wiki kwa macho, maana mtu akiambiwa "saa tisini" kichwa hakipati picha.

Usingizi tuliupaka kwa wino mweusi, saa 7 kwa usiku, vyumba 49. Kula, kuoga, kufua, kutembea kutoka bwenini hadi darasani tulivipa saa 3 kwa siku, vyumba 21. Vikabaki 98. Kisha akaanza kupaka masomo kwa wino wa bluu. Saa 585 ukizigawa kwa wiki sita ni 97 na nusu kwa wiki. Alipaka mpaka akafika Jumapili usiku, na kikabaki nusu ya chumba kimoja cheupe.

Kanisa liko wapi? Kumpigia mama? Kufungua akaunti ya benki, kwenda kuripoti ofisi ya wanafunzi wa kigeni, kulala mchana kwa sababu mwili bado uko Mwanza na saa za huko ziko nyuma yetu kwa saa saba? Vyote hivyo vilibanwa kwenye nusu ya chumba.

Na hapo bado hatujagusa lugha. Binti anasoma Kiingereza vizuri, sekondari yote ameisoma kwa Kiingereza, lakini kusoma kurasa 60 za makala kwa usiku mmoja na kutoka na hoja ni kazi nyingine. Kwa kawaida nawaambia vijana waongeze theluthi moja ya muda kwa mwaka wa kwanza. Ni makadirio yangu tu, kutokana na wale niliowafuatilia. Ukiongeza theluthi juu ya 97 na nusu unapata saa 130, na vyumba vilivyobaki ni 98 tu.

Tulirudia na masomo mawili, krediti 6. Saa 270 kwa wiki sita ni saa 45 kwa wiki. Ukiongeza theluthi ya lugha ni 60. Vyumba vyeupe vikabaki 38. Angalia jambo hili: hata hayo mawili yanamzidi kaka yake wa Malimbe kwa saa tano kila wiki, kabla ya theluthi. Mtu anayeanza chuo kiangazi kwa masomo mawili anafanya kazi ya mwanafunzi kamili, na asionewe haya na yeyote.

Hoja ya baba mdogo

Baba mdogo ndiye aliyelipa nauli na dola 350 za ada ya SEVIS, mfumo wa serikali ya Marekani wa kuwafuatilia wanafunzi wa kigeni, na ndiye aliyesimamia safari ya ubalozini Dar es Salaam. Neno lake lilikuwa zito kwa haki. Alisema kwa simu, tukiwa tumeiweka mezani kwa sauti:

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu. Sasa sikiliza. Huko kila mwezi ni pesa. Chumba pesa, chakula pesa. Ukibeba manne sasa, unamaliza mapema, unaturudia mapema. Mwalimu, nakosea?"

Hakukosea kuwaza pesa. Ila hesabu yenyewe ilikuwa inakwenda upande mwingine, na ilibidi tuifungue. Vyuo vingi vya Marekani, hiki kikiwemo, hutoza kiangazi kwa krediti: ukibeba mbili unalipia mbili, ukibeba 13 unalipia 13. Muhula mkubwa hutoza kwa jumla. Chuoni kwake bei ni moja kuanzia krediti 12 hadi 18. Mwanafunzi wa krediti 12 na wa 15 wanalipa sawa. Na ufadhili wa binti ulianza Agosti, haukugusa kiangazi. Maana yake ni kwamba Kompyuta na Kalkulasi zingelipiwa kwa pesa ya familia, krediti 7 kwa bei kamili, wakati kuanzia Agosti masomo hayohayo yangeweza kuingia ndani ya ada ambayo tayari italipwa, tena sehemu yake na chuo.

Kisha kuna bei ya kuanguka. Kwetu ukikwama mtihani wa mwisho kuna sapu, mtihani wa marudio. Huko hakuna sapu. Somo ulilofeli unalirudia lote na unalilipia upya. Na hata bila kufeli, tuseme amepata C tupu katika masomo yote manne, ambayo kwa mtu aliyebanwa namna ile si ajabu. C ni alama 2.0. Anaingia muhula mkubwa na krediti 13 za 2.0. Akibeba krediti 14 zinazofuata, atahitaji wastani wa takribani 3.93 ili GPA yake irudi 3.0. Hiyo ni A karibu kila somo, kwa mtu aliyetoka kuchoka. Ufadhili ungekatika Desemba.

Baba mdogo hakusema amekubali. Alisema, "Niachie nifikirie," na kwa mtu wa umri wake hilo ni jibu zuri.

Ujanja wa kuandika manne na kuacha mawili

Kaka, ambaye sasa alikuwa upande wetu, alileta wazo la tatu: aandike manne, aonje wiki ya kwanza, yatakayomshinda ayaache. Wazo hili lina akili, na katika muhula wa wiki 15 ningelifikiria. Kiangazi halifai. Siku za kuacha somo bila kudaiwa ni chache mno kwenye muhula mfupi, mara nyingi zinahesabika kwa vidole vya mkono mmoja, na zikipita unalipa ada yote au sehemu yake na somo linabaki kwenye cheti cha alama likiwa na W, alama ya kwamba uliliacha. Siku hizo zinakwisha kabla mwalimu hajarudisha karatasi hata moja iliyosahihishwa. Unaamua kuacha au kubaki ukiwa huna taarifa yoyote. Na wakati huo wote umekuwa ukisoma nusu nusu masomo manne badala ya mawili kikamilifu, katika wiki ambayo ni moja ya sita ya muhula. Kukosa wiki moja huko ni sawa na kukosa wiki mbili na nusu za muhula wa kawaida.

Viza inavyoingia

Hapa ndipo kisa kinapokuwa kigumu kweli, na nilitumia muda mwingi kuliko sehemu nyingine yoyote.

Mwanafunzi mwenye viza ya F-1, ile ya masomo, anatakiwa kubeba mzigo kamili. Kwa shahada ya kwanza katika muhula wa kawaida ni krediti 12. Wanafunzi wanaoendelea wanaruhusiwa kupumzika kiangazi bila kusoma chochote, na hapo ndipo wengi wanapodhani kiangazi hakina sharti. Lakini ikiwa kiangazi ndicho muhula wako wa kwanza, unatakiwa kubeba mzigo kamili wa kiangazi, na chuo ndicho kinachosema mzigo huo ni krediti ngapi. Binti aliandika barua pepe ofisi ya wanafunzi wa kigeni. Wakamjibu: kwa muhula wa wiki sita, sita.

Kwa hiyo mawili yalitosha. Tatizo ni kwamba yalitosha bila ziada. Mwenye manne akiacha moja bado yuko salama. Mwenye mawili akiacha moja ameshuka chini ya mzigo kamili, na kushuka bila kibali ni kupoteza hadhi ya viza. Hii ndiyo hoja pekee ya kubeba zaidi ya mawili ambayo niliiona ina uzito.

Tulijibu kwa kuuliza mapema badala ya kuongeza somo. Kanuni zinaruhusu kupunguziwa mzigo mwanzoni mwa masomo kwa sababu zilizotajwa wazi: ugumu wa lugha au wa kiasi cha kusoma, kutozoea mtindo wa ufundishaji wa Marekani, au kuwekwa kwenye somo la kiwango kisichokufaa. Kuna pia sababu za ugonjwa, zenye barua ya daktari. Katika zote, kibali kinatolewa na ofisa wa chuo anayeshughulikia wanafunzi wa kigeni, na kinatolewa KABLA hujaacha somo. Ukiacha kwanza ukaenda kueleza baadaye, umeshavunja sharti. Binti aliandika jina la ofisi, jengo na saa za kazi kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari lake la safari. Nilimwambia asiondoke darasa lolote, hata kwa siku moja ya hasira, kabla hajapita mlango huo.

Jambo la kazi lilimalizika haraka. F-1 inaruhusu kufanya kazi chuoni hadi saa 20 kwa wiki masomo yakiendelea, na mama alikuwa na matumaini ya kutumiwa chochote. Saa 60 na 20 ni 80. Tukakubaliana hakuna kazi mpaka Agosti.

Yapi mawili?

Uandishi haukuwa na mjadala. Kila somo linalofuata miaka minne ijayo litamdai aandike kwa namna yao, na heri ajifunze darasani kwenye wanafunzi wachache kuliko Septemba akiwa amezungukwa na masomo mengine matatu.

Kwa la pili, baba mdogo na kaka walitaka Kalkulasi, kwa kuwa binti ana A ya Hisabati. Mimi nilitaka Uchumi. Sehemu kubwa ya somo lile la kwanza la uchumi, mahitaji na ugavi, unyumbufu, gharama za uzalishaji, masoko ya ushindani na ya ukiritimba, ameshaisoma kidato cha tano na sita. Mada anazijua, kwa hiyo nguvu yake itaenda kwenye yale asiyoyajua: majaribio ya kila wiki, kuzungumza darasani, kusoma muhtasari wa kozi kama mkataba. Kwetu mtu anaweza kulala miaka miwili akaamka kwa NECTA. Huko alama zinaanza kuhesabiwa wiki ya kwanza.

Kalkulasi nayo anaijua kwa sehemu, lakini ni msingi wa masomo mengine yanayofuatana, na bado alikuwa hajafanya mtihani wa kupimwa kiwango. Sikuona haja ya kulipia somo kwa pesa ya familia kabla ya kujua kama ndilo somo lake. Mambo mawili mapya kwa pamoja, nchi na hesabu za kasi, hayakuwa na faida ya kutosha.

Mama alikuwa amekaa pembeni akichambua dagaa kwenye ungo, anatoa mchanga na vijiwe kwa ncha za vidole, hajasema neno kwa muda mrefu. Akasema, "Kumbe ni kama siku za giza." Wavuvi wa dagaa hufanya kazi mwezi usipoonekana, kwa sababu taa ndizo zinazomvuta dagaa. Usiku wa mbalamwezi wanapumzika. Siku za giza hakuna anayeanzisha kazi nyingine, hata msiba wa jirani unakwenda na kurudi. Baada ya hapo hakuhitaji maelezo. Alimwambia kaka, "Mwambie baba yako mdogo mtoto amechukua mawili."

Ilivyokwenda

Alifika wiki moja kabla ya kufungua. Mwenye F-1 anaruhusiwa kuingia hadi siku 30 kabla ya tarehe ya kuanza, lakini bweni lilikuwa linafunguliwa wiki hiyo.

Insha ya kwanza ilirudi na 62. Alinitumia picha yake WhatsApp saa nne usiku, huko ikiwa saa tisa alasiri. Niliisoma nikaona mkono wa kidato cha sita ulivyo: aya ya kwanza inatoa fasili, kisha hoja sita, kila moja na aya yake, kisha hitimisho. Kwa msahihishaji wetu hiyo ni insha nzuri. Mwalimu wake aliandika pembeni swali moja tu: wewe unasema nini? Alitaka msimamo mmoja, aya ya kwanza, na kila aya inayofuata iutetee.

Mwalimu aliruhusu kuandika upya. Siku tatu mfululizo binti alikwenda kituo cha uandishi cha chuo, akaenda pia kwa mwalimu saa za wanafunzi, akaivunja insha yote. Julai 4 nchi nzima ilikuwa mapumziko, yeye alikuwa na rasimu ya kukabidhi kesho yake. Wiki ya tatu akapata 81. Ninaamini kwa dhati kwamba siku hizo tatu ndizo zilizoamua muhula wake, na kwa masomo manne zisingekuwepo. Angeipokea 62, angeiweka chini ya godoro, angekimbilia kazi ya Kompyuta.

Uchumi ulikwenda vizuri, isipokuwa jaribio moja alilolikosa kwa kutosoma saa ya mwisho ya kukabidhi kwenye mtandao. Alimaliza na B+ ya Uandishi na A- ya Uchumi. GPA 3.5.

Baada ya kiangazi

Mtihani wa kiwango aliufanya Agosti. Idara ya hisabati ikamweka Kalkulasi ya kwanza, si ya pili kama sote tulivyotumaini. Baba mdogo hakuacha kusema: "Si nilikwambia angeianza palepale?" Ana haki ya kusema hivyo. Kwa upande wa Kalkulasi peke yake, kusubiri kulimchelewesha. Aliisoma muhula wa wiki 15 na kupata A.

Muhula huo alibeba masomo manne, krediti 14: Kalkulasi, Uchumi sehemu ya pili, Uandishi wa pili, na Jiolojia yenye maabara. Wengi wanaona manne kuwa mengi baada ya mawili. Krediti 14 kwa wiki 15 ni saa 42 kwa wiki, pungufu ya saa 45 za kiangazi. Baba mdogo aliuliza kwa nini asibebe 18 wakati ada ni ileile, na swali hilo lilikuwa bora kuliko la mwezi wa tano. Tulikubaliana 15 kwa muhula unaofuata, GPA ikiwa imeshasimama.

Akamaliza mwaka na krediti 35. Shahada ya huko ni takribani 120 kwa miaka minne, yaani 30 kwa mwaka, kwa hiyo yuko mbele kwa tano, na ufadhili upo. Kiangazi cha 2024 hakusoma. Kwa kuwa alikuwa ameshamaliza mwaka mzima, ilikuwa likizo yake halali, na likizo mwanafunzi wa F-1 anaruhusiwa kufanya kazi chuoni zaidi ya saa 20. Alifanya kazi maktaba, na mwezi wa saba mama akapokea pesa ya kwanza.